Jiwe Letu na Picha za Hiroshima

Wengi wenu mmefundishwa shuleni kwamba tarehe 6 Agosti 1945 ndege ya Wamarekani iliangusha bomu la atomi juu ya mji wa Hiroshima katika Ujapani, na kwamba siku tatu baadaye mji wa Nagasaki ulipatwa na jambo lilo hilo. Kabla mwaka ule haujaisha, watu wapata 140,000 walikuwa wamekwisha kufa Hiroshima, na wapata 74,000 Nagasaki. Habari hizi tumezizoea kama habari za mbali, za wageni waliopigana na wageni. Lakini sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika kazi ile ilitoka hapa kwetu Kongo, katika mgodi wa Shinkolobwe, karibu na mji wa Likasi huko Katanga. Kwa hiyo mimi, mwalimu wa watoto wa Ntoto, mahali ambapo Masisi inapakana na Walikale, sikuona ajabu kuzitundika picha za Wajapani katika darasa la kuta za udongo. Wengine waliona ajabu, nao walikuja kuniuliza maswali. Baadhi ya maswali yao niliyajibu. Mengine yangali yakinisumbua.

Yafaa kwanza nieleze udugu uliopo kati ya picha na mionzi ya atomi, kwa maana watu wengi hawaujui. Mwaka 1896 mtaalamu mmoja wa Paris, jina lake Henri Becquerel, alikuwa akichunguza chumvi za urani. Alidhani kwamba chumvi zile hupokea nuru ya jua na kuirudisha kwa namna nyingine. Siku zile jua la Paris lilikuwa limefichwa na mawingu. Basi akayaacha mabamba yake ya kupigia picha, yakiwa yamefungwa katika karatasi nyeusi, pamoja na chumvi zile ndani ya saraka. Tarehe 1 Machi akayatia mabamba katika dawa, akitazamia kuona alama hafifu tu. Lo! Akakuta alama zilizokolea kabisa, zenye umbo la chumvi zenyewe. Jiwe lilikuwa limejipiga picha gizani, bila jua na bila mpiga picha.

Ndivyo mwanadamu alivyoanza kuijua mionzi hiyo. Moto twauona, na mafuriko twayasikia yakija, lakini mionzi jicho haliioni, pua hainusi harufu yake, wala ngozi haina habari nayo. Hupita mwilini kimya. Mtu aliyepokea nyingi kwa mara moja huanza kutapika, nywele zake hunyonyoka, damu humtoka, naye huweza kufa katika majuma machache. Aliyepokea kidogo kidogo huenda akaonekana mzima miaka mingi, kisha saratani ya damu au ya tezi ya shingo ikamtokea wakati amekwisha kusahau chanzo chake. Mpiga picha Igor Kostin alipopanda helikopta juu ya Chernobyl baada ya ajali ya tarehe 26 Aprili 1986, karibu filamu yake yote iliharibiwa na mionzi. Adui wa namna hii hawezi kuonyeshwa kwa kidole. Waweza tu kuwaonyesha watu waliopatwa naye, na ndiyo sababu tangu zamani waliosalimika wamezitumia picha kuliko maneno.

Maonyesho yetu ya Ntoto yalikuwa madogo. Nilikuwa na picha kumi na nne zilizochapwa Goma juu ya karatasi nene, nikazileta kwa pikipiki zikiwa zimeviringishwa ndani ya plastiki kwa ajili ya mvua. Ilikuwa mwezi wa Agosti, miaka michache iliyopita, wakati njia ilipokuwa bado yapitika. Tulifunga kamba kutoka dirisha hadi dirisha, tukazibana picha kwa vibanio vya nguo. Chini ya kila moja niliandika kwa Kiswahili jina la mtu kama lilijulikana, mahali na mwaka. Picha tatu zilizo kali niliziweka nyuma ya kitenge, nikawakataza watoto wadogo kupita huko. Wakubwa walikuja Dominika baada ya Misa, na wanafunzi siku tatu zilizofuata.

Picha iliyowakusanya mama wengi ni ile ya mvulana wa Nagasaki, mwenye umri wa miaka kumi hivi. Amesimama peku, wima kama askari, na mgongoni amembeba mdogo wake kwa mbeleko. Kichwa cha mtoto kimelala nyuma. Mama zetu waliiona mbeleko kwanza, wakatabasamu, wakasema mtoto amelala. Walipokwisha kusomewa maandishi wakanyamaza. Mtoto amekufa, na kaka yake amesimama mahali pa kuchomea maiti akingoja zamu yake. Picha hiyo ilipigwa na askari wa Marekani, Joe O'Donnell, mwaka 1945. Baada ya vita alizifungia picha zake sandukuni zaidi ya miaka 40, kwa kuwa hakuweza kuzitazama, akalifungua sanduku mwaka 1989 na kuanza kuzionyesha kwa watu. Mwishoni mwa mwaka 2017 marehemu Baba Mtakatifu Fransisko aliamuru picha hiyo ichapwe juu ya kadi, akaitia sahihi yake pamoja na maneno machache ya kusema kwamba haya ndiyo matunda ya vita. Miaka miwili baadaye, tarehe 24 Novemba 2019, alikwenda mwenyewe Nagasaki na Hiroshima.

Mama mmoja aliitazama kadi hiyo kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Mwalimu, huyu mtoto aliombwa ruhusa?"

Nikamwambia kwamba sijui, na kwamba hata jina lake halikuandikwa. Akatikisa kichwa. Mama huyu alikuwa amekaa katika kambi ya wakimbizi karibu na Goma. Siku moja, akiwa kwenye mstari wa kungojea unga, mgeni fulani alimpiga picha bila kumsalimu, akaenda zake. "Mpaka leo sijui nimetundikwa kwa nani," alisema. Watu wakacheka, lakini si kicheko cha furaha. Katika Masisi na Walikale nyumba ni chache zisizokuwa na mtu aliyepigwa picha namna hiyo.

Nadhani swali lake ndilo swali kubwa kuliko yote katika mambo ya maonyesho. Tumezoea kusema kwamba picha ya mtu anayeteseka huamsha huruma. Kweli, huamsha. Lakini huruma ile yaweza kuwa kama pesa inayotolewa kwa mkono mmoja huku uso umegeuzwa upande mwingine. Mtu anabaki kuwa kidonda tu, hana jina, hana sauti, wala hana kazi aliyokuwa akiifanya asubuhi ile.

Basi nilimwongoza mama yule nyuma ya kitenge, nikamwonyesha picha ya Sumiteru Taniguchi. Mwaka 1945 Taniguchi alikuwa kijana wa miaka 16, akipeleka barua kwa baiskeli huko Nagasaki, bomu likapasuka umbali wa kilometa 1.8 nyuma yake. Mgongo wote ulichomeka. Alilala kifudifudi mwaka mmoja na miezi tisa, na hospitalini alitoka mwaka 1949. Picha ya mgongo wake mwekundu yajulikana duniani pote. Lakini tazama jambo alilolifanya baadaye. Mwaka 2010, akiwa mzee, alikwenda New York kwenye mkutano wa mataifa juu ya silaha za atomi, akaiinua picha ile kwa mikono yake mwenyewe mbele ya wajumbe. Aliwaambia kwamba yeye si mnyama wa kufanyiwa majaribio wala si kitu cha kuonyeshwa, lakini akawasihi wasigeuze macho. Aliaga dunia mwaka 2017. Chama cha waliosalimika, Nihon Hidankyo, ambacho kilianzishwa mwaka 1956, kilipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2024. Wajapani huwaita watu hao hibakusha, yaani watu waliopatwa na bomu.

Mama yule alisema, "Huyu amejishika mwenyewe." Sikupata kusikia maelezo bora kuliko hayo.

Kuna picha nyingine ambayo wanafunzi waliipita haraka kwa kuwa haionyeshi mambo mengi: watu wamekusanyika karibu na daraja la Miyuki, Hiroshima, saa chache baada ya bomu, wengi wao wametupa mgongo. Aliyeipiga, Yoshito Matsushige, alikuwa mpiga picha wa gazeti la mjini hapo. Siku nzima alizunguka na kamera yake, na picha alizozipiga ni tano tu. Alisimulia baadaye kwamba watu walikuwa katika hali ya kutisha hata hakuweza kubonyeza, na machozi yakamzuia kuona ndani ya kamera. Mimi namheshimu sana kwa zile alizozipiga, na zaidi kwa zile alizoziacha. Nagasaki mwenzake Yosuke Yamahata alipiga zaidi ya 100 siku moja baada ya bomu, nazo pia zina kazi yake. Picha nyingi za siku zile zilizuiwa na wakuu wa jeshi la Marekani walioitawala Ujapani. Watu wa kawaida wa nchi ile walianza kuziona kwa wingi mwaka 1952, utawala ule ulipokwisha. Na huko Marekani kwenyewe, mwaka 1995, jumba la makumbusho la ndege mjini Washington lilikuwa limeandaa maonyesho makubwa yatakayoeleza pia mateso ya wenyeji wa Hiroshima. Askari wa zamani na wabunge wakapinga kwa nguvu, na maonyesho yale yakafutwa. Serikali haihangaiki kufuta kitu kisichokuwa na nguvu.

Wakristo wa Ntoto waliuliza zaidi habari za Urakami. Ni mtaa wa Nagasaki ambao Wakatoliki wake walishika dini kwa siri zaidi ya miaka 200, bila padre, wakati wa mateso. Bomu lilipasuka karibu na kanisa lao kuu. Katika Wakatoliki wapata 12,000 wa mtaa ule, wapata 8,500 walikufa. Mmoja aliyesalimika alikuwa daktari Takashi Nagai, mtaalamu wa mashine za kutazama ndani ya mwili, ambaye mionzi ya kazi yake ilikuwa imekwisha kumpa saratani ya damu hata kabla ya bomu. Alipofika kwake alikuta mifupa ya mkewe Midori, na karibu nayo rozari yake. Aliandika vitabu akiwa kitandani mpaka kufa kwake mwaka 1951. Katekista wetu mzee aliomba picha ya magofu ya kanisa lile ibaki kanisani juma zima, nasi tukamwachia.

Isidhaniwe kwamba kuwaamsha watu kwa picha ni desturi iliyotoka Ujapani. Nchi yetu yenyewe ina historia hiyo. Tarehe 14 Mei 1904, huko Baringa, baba mmoja aitwaye Nsala alifika kwa wamisionari wa Kiprotestanti akiwa na furushi la majani. Ndani yake mlikuwa na mkono na mguu wa binti yake Boali, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Mama mmisionari, Alice Seeley Harris, akampiga picha Nsala ameketi barazani, akivitazama vile viungo vilivyolazwa sakafuni. Picha hiyo na nyingine zilionyeshwa Uingereza na Marekani kwa taa ya kumulikia picha ukutani, mikutano kwa mikutano. Pamoja na taarifa ya Roger Casement na kazi ya E. D. Morel, zilisaidia kumlazimisha Mfalme Leopold II kuiachia serikali ya Ubelgiji nchi ya Kongo mwaka 1908. Majina ya Nsala na Boali yalihifadhiwa, na baada ya miaka zaidi ya 100 twaweza kuyataja. Kwa upande huo Nsala alitendewa vema kuliko yule mama aliyekuwa kwenye mstari wa unga.

Picha zilizosalia za kamba yetu zilikuwa za nchi nyingine, nami nitazipitia upesi. Semipalatinsk katika Kazakhstan, ambako Warusi walijaribu mabomu 456 tangu 1949 hadi 1989, na wenyeji wakazaa watoto wenye vilema. Visiwa vya Marshall, ambako Wamarekani walilipua mabomu 67 kati ya 1946 na 1958, na vumbi jeupe likawaangukia watu hata watoto wakalichezea. Na Reggane katika jangwa la Algeria, ambako Wafaransa walilipua bomu lao la kwanza tarehe 13 Februari 1960. Hii ya mwisho iliwashangaza wanafunzi kuliko zote. Hawakujua kwamba mabomu ya atomi yamepata kupasuliwa Afrika, tena mara 17, hata baada ya Algeria kujitawala.

Ndipo msichana wa darasa la sita alipoifuata kamba mwanzo hadi mwisho, akihesabu kwa kidole, akauliza, "Mwalimu, na wale waliolichimba jiwe wako wapi?"

Shinkolobwe iligunduliwa mwaka 1915. Husimuliwa kwamba jina lake ni la tunda fulani linalochoma mkono likiminywa. Mwanzoni kampuni ya Union Minière ilitafuta humo radiamu, ambayo ilikuwa na thamani kuliko dhahabu. Urani yenyewe ilihesabiwa karibu kuwa takataka. Mwaka 1940 mkuu wa kampuni, Edgar Sengier, alipeleka tani zipatazo 1,200 za mawe yale New York, zikakaa ghalani hadi jeshi la Marekani lilipozinunua mwaka 1942. Mawe ya Shinkolobwe yalikuwa tajiri mno. Sehemu 65 katika 100 zilikuwa oksidi ya urani, wakati migodi ya Marekani na Kanada haikufikisha hata sehemu moja. Mgodi ukafunguliwa tena, na Wakongo wakachimba, wakapakia magunia, wakayapandisha garini. Kabla ya uhuru mwaka 1960 mashimo yalizibwa kwa saruji. Miaka ya baadaye watu wenye njaa walirudi kuchimba kobalti mahali palepale, hata serikali ikapiga marufuku mwaka 2004. Mwezi wa Julai mwaka uleule shimo liliporomoka na kuwaua watu.

Katika maonyesho yote niliyopata kuyaona, kwa macho au vitabuni, sikukuta uso wa mchimbaji wa Shinkolobwe ulioandikwa jina lake chini. Niliona picha za mgodi, za Wazungu wenye kofia, na za magunia. Nafasi hiyo tupu imo hata katika sheria. Mkataba wa kupiga marufuku silaha za atomi, ambao ulikubaliwa mwaka 2017 na kutiwa sahihi na nchi yetu mwaka uleule, waagiza katika kifungu cha 6 kuwasaidia watu waliodhurika kwa kutumiwa au kujaribiwa kwa silaha hizo. Waliodhurika kwa kulichimba jiwe lenyewe hawakutajwa hapo. Naona kwamba mambo hayo mawili yana shina moja. Mtu asiyeonekana ukutani ni rahisi kusahauliwa mezani panapoandikwa sheria.

Wengine wameanza kulijaza pengo hilo. Wakongo wanaoishi Cape Town wameifanya kazi ya kuunganisha habari za Shinkolobwe na za Hiroshima, ili mwezi wa Agosti zisitajwe moja bila nyingine. Lubumbashi, tangu mwaka 2008, kuna maonyesho makubwa yaliyoanzishwa na Sammy Baloji na wenzake kwa jina la Picha, neno letu lilelile la Kiswahili. Katika kazi zake Baloji huchukua picha za kale za wafanyakazi wa migodi na kuwasimamisha tena juu ya magofu ya viwanda vya leo. Na huko Kanada wenyeji wa kijiji cha Deline, ambao wazee wao walibeba mgongoni magunia ya urani bila kuambiwa ni kitu gani, walituma wajumbe Hiroshima mwaka 1998 kuomba radhi kwa hibakusha. Nilipowasimulia wanafunzi habari hii, wengine walisema watu wa Deline hawakuwa na kosa la kuombea radhi. Wengine walisema walifanya vema. Hatukupatana, kengele ikalia.

Sasa nitaje pingamizi la katekista wetu, yuleyule aliyependa picha ya Urakami. Alinijia jioni, akasema kwa upole, "Mwalimu, umetuletea wafu wa Ujapani. Wa kwetu je?" Sote twajua alichokikusudia. Mwezi wa Machi 1993 watu waliuawa hapa Ntoto sokoni, jirani akimwinukia jirani, na vita vikaenea Masisi na Walikale vikala maelfu ya watu. Sijapata kuona picha hata moja ya siku ile. Nilimjibu kwamba picha za mbali zaweza kuwafundisha watu kutazama kabla hawajatazama ya nyumbani, kwa kuwa ya Wajapani hayamshtaki mtu yeyote aliyemo darasani. Alisema jibu langu ni jibu la mwalimu. Hata hivyo alikubali kwamba kama siku moja tutatundika ya 1993, yatupasa kwanza kuwauliza watoto wa waliouawa, hata wale waliohamia mbali, tena kabla hatujatafuta picha. Jambo hilo limebaki hapo, wala sitalisukuma.

Lakini kuna jambo la nyumbani lisilongoja, nalo ni koltani. Msiogope kupita kiasi, kwani koltani si jiwe la Shinkolobwe. Hata hivyo mna urani na thori kidogo ndani yake, kiasi kwamba mara nyingi wasafirishaji wa nje huihesabu kuwa mzigo wenye mionzi. Wataalamu waliopima kazi ya wachimbaji wa mikono wa mashariki mwa Kongo, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2007, waliona kwamba hatari kubwa haiko katika kuchimba bali katika kuponda na kuchekecha, kwa sababu ya vumbi liingialo kifuani. Mtu wa kazi hiyo aweza kupokea kwa mwaka mara nyingi kuliko kiasi kinachoruhusiwa kwa raia wa kawaida. Na ni nani wanaoponda na kuchekecha? Mara nyingi ni mama na watoto. Kwa hiyo mwisho wa kamba nilitundika karatasi isiyo na picha, yenye maneno ya kawaida: pondeni nje, si jikoni, lowesheni mawe kwanza, fungeni kitambaa puani, oshani mikono na nguo kabla ya kumshika mtoto, na kinu cha koltani kisipondewe tena sombe. Walioisoma karatasi ile walikuwa wengi kuliko walioitazama picha yoyote, nami sikusikitika hata kidogo.

Juma lililofuata mama mmoja mwenye kazi hiyo alikuja na kinu chake cha chuma, akasema apigwe picha nacho kabla hajakiondoa nyumbani. Alitoa masharti. Uso wake uonekane, lakini watoto wake wasionekane. Jina lake liandikwe lote, pamoja na la baba yake. Picha itundikwe kwanza Ntoto, na kama itatakiwa Goma au mbali zaidi, yeye aulizwe tena. Tuliyaandika masharti hayo nyuma ya picha, akatia dole gumba. Imetundikwa katika nafasi ya kumi na tano, baada ya Reggane. Jina lake sitaliandika hapa, kwa kuwa ruhusa aliyonipa ni ya Ntoto tu.